Kojani: usimwambie mtu amwage kombe

Weee, simama hapo hapo! Umeuliza boti, chumba, mavazi, halafu katikati umetupia kwamba wiki ya kwanza ya mafunzo utapita nyumba kwa nyumba Kojani, kile kisiwa cha Pemba, "kuwaelimisha kina mama waache makombe". Mdogo wangu, hayo mengine yatakaa sawa. Hilo ndilo litakalokumaliza.

Mie mtu wa Unguja mjini, Mwislamu. Nikajiona Pemba ni kwetu, nifundishwe utamaduni wa nini? Nikaingia nyumba moja, mtoto ana homa, bibi yake kashika sahani ya kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani, anazikosha kwa marashi amnyweshe mjukuu. Nikamwambia mkwewe, mbele yake: mwageni, huu ushirikina, mpelekeni kituo cha afya. Aya za Qurani nimeziita ushirikina! Na aliyeziandika ni maalim wa chuo cha Qurani cha mtaa ule ule. Bibi wala hakunigombeza. "Haya, mwanangu." Basi. Tangu jioni ile kila nikipiga hodi, sauti ya ndani inaniambia wenyewe hawapo. Sasa wewe unayejibu ni nani? Hata mbuzi nadhani walishapewa habari.

Mtoto hakuletwa mpaka muuguzi wa kituoni, mwenyeji wa pale, alipokwenda mwenyewe kuniombea radhi. Alimkuta mtoto kifua kimeshambana. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini si kwa sababu yangu.

Na yule msimamizi wetu, Mungu amsamehe, mie bado. Katupa fomu ina kisanduku "Mila potofu zilizobainika", nasi mbio kukijaza kama tunaokota embe. Kisanduku cha nani anaamua mtoto apelekwe hospitali hakimo! Wanaume wengi wa Kojani ni wavuvi, wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, muda mrefu, nyumba inabaki kwa bibi. Huyo huyo niliyemtukania sahani yake.

Kwa hiyo, lisilomzuia mtoto kupata dawa, liache. Sema pale tu panapomchelewesha au kumdhuru. Ripoti kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, omba mtu wa kukutembeza, kisha kaa na bibi umuulize kombe anampa saa ngapi, dawa ya kituoni saa ngapi, na akizidiwa usiku nani atasema twende hospitali Wete. Majibu hayo yaandike nyuma ya fomu. Kile kisanduku kipigie mstari. Msimamizi akiuliza, mwambie hawakuwepo wenyewe.