Mdhamini akikuomba namba za madogo wa gemu, mkatalie

Kuna kaka mmoja wa Singida kanitumia meseji wiki hii. Anataka kuandaa bonanza la gemu kwenye kibanda chake, kapata mdhamini wa kutoa laki tatu na jezi, na sharti la huyo mdhamini ni kwamba kila anayejisajili aandike majina matatu, namba ya simu, mtaa anaokaa na tarehe ya kuzaliwa, alafu orodha yote abaki nayo mdhamini. Ananiuliza braza nichukue au niache? Nimemjibu acha. Ila najua mko wengi mnaosoma hapa mna PS (PlayStation) mbili tatu na mnaota kufanya mashindano ya mji mzima, na huyo mdhamini mwenye fomu atawafikia tu, kwahiyo ngoja nieleze vizuri kwanini nasema hivyo.

Mimi kibanda changu kiko Chang'ombe hapa Dodoma. Nilivyoanza sitaki kuwachosha, nyie wenyewe mnajua habari za kutafuta fremu, LUKU na pedi za kuchezea zinazokufa analogi (vile vijiti vya kuelekezea) kila mwezi. Nina PS3 ambazo FIFA yake, lile gemu la mpira, inaishia ya 19 na nina PS4 zenye FC mpya, ambayo ndo FIFA kwa jina la sasa, na bonanza la mwezi uliopita lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye vumbi na ule upepo wetu wanachungulia dirishani. Ndo bonanza kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya bila kuchukua namba ya simu ya dogo hata mmoja. Nalisema hili kwa kujivunia kabisa kwasababu niliambiwa haliwezekani, na aliyeniambia ni mtu niliyekuwa nakula naye sahani moja.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja wakala wa mambo ya kubeti alikuja na fomu zake zimeshachapwa kabisa, tukakaa naye mimi na mshikaji wangu ambaye tulikuwa tunaendesha kibanda pamoja. Hela aliyotaja ilikuwa nzuri, sikatai. Nikamuuliza hizi namba mtazifanyia nini, akasema tutawatumia ofa. Ofa za nini? Za kubeti. Sasa wateja wangu nusu ni wanafunzi wa sekondari, wanakuja na sare wamegeuza sweta, na kubeti kwa Tanzania ni kuanzia miaka 18. Nikamwambia hivyo, akajibu msijali tutawachuja wenyewe huko ofisini. Utawachujaje wakati tarehe ya kuzaliwa na namba vyote umeshaondoka navyo?

Kilichoniuma sio huyo wakala, yeye yuko kazini. Kilichoniuma ni mshikaji wangu kuniambia mbele yake, "Namba ya simu kitu gani bwana, kila mtu anayo, sisi hatuna cha kuficha." Na hii kauli ya sina cha kuficha nimeisikia sana, vijiweni, kwenye daladala, hata kwa watu wazima wenye vyeo vyao, na kila mtu anaisema kama vile ameshamaliza mjadala.

Nikachukua simu yangu, nikaingiza namba yake kama namtumia elfu moja. Kabla hata sijaweka namba ya siri majina yake yote yakatokea. Akasema ah hiyo si kawaida tu. Ndio ni kawaida, na ndo maana nakwambia! Tangu Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwahiyo siku hizi namba ya simu sio namba tu, ni mtu mwenyewe na kitambulisho chake cha NIDA nyuma yake. Ukimpa mtu orodha ya namba umempa orodha ya majina bure, na kama dogo anatumia laini aliyosajiliwa na mama yake basi umempa na mama yake pia. Alafu fomu inataja mtaa. Alafu inataja umri. Mtu mwenye orodha hiyo anaweza kumpigia mzazi mchana akamwambia mwanao anaitwa fulani, ana miaka 15, kaanguka shuleni, tuma hela ya matibabu haraka. Hizo simu tunazijua wote, na zinawaliza watu kwasababu anayepiga anazo taarifa za kweli.

Mshikaji akaja na hoja ya pili, kwamba makampuni makubwa ya gemu yenyewe yanachukua kila kitu sembuse sisi wa Chang'ombe. Hapa nilimjibu na leo narudia kwa faida ya wote. Mwaka 2011 mtandao wa PlayStation wenyewe uliingiliwa na wadukuzi, akaunti kama milioni 77, wakaondoka na majina, anwani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, mpaka nywila, na huduma ikazimwa zaidi ya wiki tatu. Hiyo ni Sony, ina mainjinia na hela. Sasa karatasi iliyoko kwenye begi la wakala anayepanda bodaboda italindwa na nani? Na mwaka 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 275 kule Marekani kwasababu ya taarifa za watoto tu, walidaiwa kukusanya taarifa za walio chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi na kuacha maongezi ya sauti yamewashwa yenyewe mtoto anaongea na watu asiowajua. Kwahiyo ukiniambia wakubwa wanafanya, nakwambia wakubwa walilipa.

Na kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na Tume yake ipo. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali lililo wazi na zisizidi zile zinazohitajika kwa lengo hilo. Lengo langu mimi ni kujua nani anacheza na nani. Mtaa wa dogo unahusikaje hapo? Watu wanadhani sheria hii ni ya mabenki na makampuni ya simu, ila ukishika fomu yenye majina ya watu na wewe umo, hata kama ofisi yako ni fremu yenye pazia.

Tuligawana vitu na mshikaji wangu. Alichukua PS4 moja na TV akafungua kwake, na huko nasikia alikuwa anawaambia watu jamaa anajifanya mwanasheria. Imeniuma na bado inauma, tumetoka mbali. Lakini sikurudi nyuma.

Bonanza nililifanyaje sasa. Daftari moja, jina la utani, ada elfu mbili mkononi, kadi yenye namba ya mshiriki, basi. Ratiba nikaibandika ukutani, anayechelewa mechi yake anapewa dakika kumi anatolewa, kwahiyo hata ile hoja ya kwamba bila simu utawapataje haina nguvu, wanakaa hapo hapo wenyewe hawaondoki! Zawadi ilitoka kwenye ada, fundi simu wa jirani akatoa earphone na kava za simu, mama wa chipsi akatoa sahani za washindi wanne na akauza mpaka viazi vikamwishia. Kuna mama kutoka Majengo alikuja amevimba, mwanae alishacheza mashindano ya sehemu nyingine na tangu siku hiyo simu yake yeye mama haitulii kwa meseji za kubeti. Nikampa daftari alisome. Akaona "Chuma", "Mbappe wa Makole", "Kiduku", akanirudishia, na kesho yake akamleta na mdogo wake.

Kwahiyo ushauri wangu ni huu, usichukue usichokihitaji. Mdhamini akitaka watu wamjue mwambie aweke bango ukutani, avalishe washindi jezi yenye jina lake, anayemtaka atamfuata mwenyewe. Akisema bila namba hakuna hela, mwache aende. Picha nazo vilevile, usiposti sura ya mtoto kwasababu tu kafunga goli zuri, piga picha TV yenye matokeo inatosha, na kama unataka sura muombe mzazi. Daftari likimaliza kazi lichane.

Kwa wenye PS4, madogo wanapenda kuingiza akaunti zao kwenye mashine yako alafu wanaondoka wameiacha wazi, anayefuata anaingia anafanya anavyotaka. Wafundishe kucheza kama mgeni, hiyo sehemu ipo, wakitoka vitu vyao vinafutika. Na mwenye akaunti yake aweke uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na nywila inatakiwa na kodi ya pili, PlayStation wameuweka tangu 2016, sio kitu kipya.

Na nyie madogo mnaocheza kwenye simu nawaomba mnisikilize. PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, yenyewe haina shida, ipo Play Store, shida ni yale mafaili mnayorushiana ya gemu lenye Simba na Yanga ambayo hamjui nani kayapika, hasa linapokuja kama programu ya kuinstoo badala ya faili la gemu. Gemu la mpira linataka majina ya kwenye simu yako ya nini? Linataka meseji zako za nini? Android tangu toleo la 6 inakuruhusu kukataa ruhusa moja moja, kataa, na gemu likigoma kuwaka kwasababu umelinyima meseji basi ujue lilikuja kwa ajili ya hizo meseji, futa. Msiseme hamna cha kuficha. Mna mama zenu, mna hela ya ada inapita humo humo kwenye simu, mna picha za dada zenu. Mtu anayekulinda hakuombi kwanza umwonyeshe kila kitu.

Kama namba zenu zimeshachukuliwa mahali, bonyeza *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda kwa mtandao husika waifute. Meseji ya kitapeli ikija isambaze kwenda 15040, watakuuliza namba iliyokutumia, wape. Ni bure, na wenye simu za batani nao inafanya kazi.