Jibu: Kwa nini mzee apimwe mishipa kabla ya kukatwa mguu?
Pole sana ndugu. Umeuliza kuna haja gani ya kumpima mzee mishipa ya damu wakati kidonda kiko kidoleni na ameshaambiwa atakatwa mguu. Kipimo hicho msikiruke kabisa. Mishipa ikiziba, damu haifiki chini. Akikatwa mahali pasipofika damu, mshono haufungi, na mtarudi kukata juu zaidi. Pengine mshipa ukizibuliwa, kinachoondolewa ni kidole tu.

Kipimo hakina mambo mengi: wanachukua presha ya mkononi na ya kifundo cha mguu, kisha ya mguuni inagawanywa kwa ya mkononi. Kuanzia 0.90 kushuka, mishipa imeziba. Ila mwenye kisukari kama mzee, mishipa yake mara nyingi imekakamaa, namba inatoka nzuri kumbe si kweli, au inapita hata 1.40. Hapo ombeni apimwe presha ya kidole gumba cha mguu. Na asiposikia maumivu akitembea msijipe moyo, kisukari huua hisia za miguu.

Kama usaha unapanda na ana homa, kuondoa uozo hakusubiri. Mguu wa pili nao upimwe, na kama anavuta sigara aache leo.