Ndiyo, Naosha Wazee: Jibu kwa Binti wa Kaka Yangu

Binti wa kaka yangu amemaliza chuo cha ualimu, TSC, tume inayoajiri walimu, haijamwajiri, na ameniandikia kutoka Voi, Kenya, akiniuliza mambo matatu. Je, ni kweli kazi yangu huku Minnesota, Marekani, ni kuosha wazee? Nalipwa kiasi gani? Na baba yake auze ekari mbili ili naye aje? Najua maswali haya si yake peke yake. Mmekuwa mkiyaulizana kwenye mazishi na harusi, na wengine mmejijibu bila mimi. Basi mwanangu, nakujibu wewe, na wengine nao wasome.

Ndiyo, naosha wazee. Nawaosha uso, kwapa, sehemu za siri na miguu. Nawabadilisha nepi, nawasafisha meno ya bandia, nawavalisha, nawalisha wasioweza kushika kijiko. Mimi ni nesi msaidizi, CNA kama tunavyoitana hapa, katika nyumba ya wazee wanaohitaji uangalizi usiku na mchana. Sioni haya kulisema, na naomba mama yangu asilisemee chini kanisani.

Kazi hii ina ufundi, na nataka uujue kabla ya kuidharau au kuitamani. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, ukimvalisha shati unaanza na mkono mgonjwa. Ukimvua unaanza na ule mzima. Mwenye shida ya kumeza hupewa vinywaji vilivyotiwa unga wa kuvifanya vizito, kwa sababu maji mepesi yanaweza kumwingia mapafuni. Asiyeweza kujigeuza tunamgeuza kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya makalio na visigino inakufa, na kidonda kinaweza kuchimba hadi mfupani. Asiyeweza kusimama hainuliwi kwa mikono. Kuna mashine ya kumnyanyulia, na tunatakiwa kuwa wawili. Ukishawishika kumwinua peke yako kwa sababu mwenzako yuko mbali, mgongo wako ndio utakaolipa, na mgongo ukiharibika mshahara umekwisha.

Utaniuliza kuhusu uchi wa mtu wa umri wa bibi yako. Tumelelewa kwamba hilo halitazamwi, na nakubali. Ndiyo maana unavuta pazia, unamfunika taulo, unafunua mkono ukauosha, ukaukausha, ukaufunika, ndipo uende mguu. Unamwambia kila unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hata kama amesahau jina lake mwenyewe. Akikataa, unamwacha na kurudi baadaye. Wapo pia wanaokataa kuguswa na mkono mweusi, na maneno wanayotoa ni mazito. Wengine ni ugonjwa wa kusahau unaosema, wengine ni wao wenyewe wenye akili timamu. Wa kwanza nawasamehe papo hapo. Wa pili nawahudumia kwa kiwango kilekile, kisha naripoti kwa nesi wa zamu, na sitaki mtu aniambie kwamba kuvumilia matusi ni sehemu ya kazi.

Kinachochosha si kinyesi. Kinyesi utakizoea haraka. Kinachochosha ni uchache wetu. Zamu ya asubuhi unaweza kupewa wazee 8 hadi 10, jioni zaidi, na wenzako wawili wakipiga simu kwamba hawaji, unabeba na wao. Hesabu mwenyewe: zamu ya saa 8, ukitoa nusu saa ya kula, ukigawa kwa watu 10, kila mmoja anapata dakika 45. Ndani ya dakika hizo aamshwe, aoshwe, avalishwe, apelekwe chooni mara kadhaa, alishwe mara mbili, na wewe uandike kila kitu kwenye kompyuta. Mama mzee anataka kukusimulia ng'ombe wa maziwa aliokuwa akiwakama akiwa msichana. Ni simulizi nzuri, ungependa kuisikia, lakini kengele ya chumba cha pili inalia na unajua yule atajaribu kusimama mwenyewe na ataanguka. Unamkatiza. Unaona uso wake unavyofunga. Hilo, mwanangu, ndilo ninalorudi nalo nyumbani.

Aprili 2024 serikali ya Marekani ilipitisha kanuni kwamba kila mzee apate angalau saa 3.48 za uuguzi kwa siku, na katika hizo 2.45 ziwe za sisi wasaidizi. Wenye nyumba za wazee walikwenda mahakamani wakisema watu hawapatikani na pesa hakuna. Aprili 2025 jaji wa Texas akaifuta. Nilihuzunika sana siku hiyo, kwa sababu kwetu 2.45 si tarakimu ya wanasiasa. Ni yule mama kumaliza hadithi yake.

Sasa lile mnalopenda kusema: Wazungu huwatupa wazazi wao. Acheni. Wapo wasiotembelewa mwaka mzima, ni kweli. Lakini namfahamu mume anayekuja kila siku saa sita mchana kumlisha mke asiyemtambua tena. Wengi waliwatunza wazazi wao nyumbani hadi mwili ukashindwa, maana mgonjwa wa kuinuliwa na watu wawili na mashine hatunzwi na binti mmoja mwenye ajira. Gharama yenyewe inaumiza: chumba kinaweza kupita dola 9,000 kwa mwezi. Medicare, bima ya wazee, hailipi zaidi ya siku 100, tena kwa masharti. Baada ya hapo mtu anatumia akiba yake hadi iishe, ndipo Medicaid, mpango wa serikali kwa wasio na uwezo, uingie. Na sisi tujitazame. Bibi anayepotea njia usiku huachiwa msichana wa kazi wa miaka 17 ambaye hakuna aliyemfundisha kumgeuza, na kidonda kikitokea tunasema ni uzee. Nikija likizo nitawafundisha wote mnaokaa na Bibi, wanaume mkiwemo.

Wanakufa, ndiyo. Nimeosha maiti wengi, na tunawaosha kwa maji ya uvuguvugu kama walio hai. Kuanzia Machi 2020, wakati wa korona, wageni walizuiwa, na watoto walisimama nje kwenye baridi wakiwapungia wazazi wao dirishani. Mlilalamika kwamba sipokei simu. Nilikuwa nashika mikono ya watu ambao watoto wao hawakuruhusiwa kuingia.

Haya, pesa. Napata dola 22 kwa saa. Ukizidisha kwa 129, shilingi za Kenya kwa dola moja, unapata zaidi ya shilingi 2,800 na macho yanang'aa. Endelea na hesabu. Saa 80 kwa wiki mbili ni dola 1,760. Kodi na makato yakishatoka, pamoja na bima ya afya, nabaki na kama 1,300, yaani 2,600 kwa malipo mawili. Kodi ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala ni 1,250. Gari 350, bima yake 150, mafuta 120. Huku bila gari hufiki zamu ya alfajiri Januari, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Chakula 350, simu 50. Zinabaki dola 330, na hapo sijanunua dawa wala viatu. Ile karo niliyotuma Januari ilitoka kwenye dabo, yaani zamu mbili mfululizo, saa 16 za kusimama. Nilituma kwa moyo mweupe. Nataka tu mjue ilikotoka, ili anayeomba pesa ya pikipiki asikasirike nikisema sina.

Kuhusu shamba: baba yako asiuze. Hakuna viza ya Marekani iliyotengwa kwa kazi ya CNA. Ipo njia ya mwajiri kukudhamini kama mfanyakazi asiye na taaluma, lakini nafasi zake hazizidi 10,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na foleni ni ya miaka. Wengi wetu tuliingia kwa bahati nasibu ya grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, kwa masomo au kwa ndoa. Uingereza nayo ilifunga Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Kwa hiyo wakala wa Nairobi anayekuahidi kazi ya kutunza wazee Marekani ndani ya miezi mitatu anataka hizo ekari, si wewe. Cheti anachokuuzia hakitakuandikisha hapa. Sheria ya Marekani ya 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na majimbo mengine yanadai zaidi, kisha mtihani wa maswali na wa vitendo. Hata gharama ya mafunzo hayo si ya kuuzia shamba: nyumba ya wazee ikikuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kuhitimu, inapaswa kukurudishia ulicholipa.

Ukipata njia halali, njoo, na usiione kazi hii kuwa ya kushukia ngazi. Wakenya wengi hapa walianza na beseni na taulo, wakasoma jioni, leo ni manesi waliosajiliwa. Wengine wamebaki CNA kwa sababu wanaipenda, na wanaifanya vizuri kuliko yeyote. Omba nakala rasmi za matokeo yako ya chuo sasa, maana kuzifuatilia ukiwa huku ni taabu. Siku ya mahojiano, kabla hujauliza mshahara, uliza mhudumu mmoja anapewa wazee wangapi zamu ya jioni, na uombe kutembezwa korido saa ya chakula cha usiku usikilize kengele zinalia muda gani kabla ya mtu kufika. Kwangu utalala bure mpaka mshahara wako wa pili, kisha tutagawana kodi nusu kwa nusu.