Nyumba ya Tabata: wateja wanaangalia, wanaondoka

Dada, umesema unauza nyumba ya Tabata, Dar es Salaam, madalali wanaleta wateja, wanazunguka nyumba mara moja, wanaaga, basi. Na sasa unataka kung'oa vigae vyote uweke vipya. Usifanye hivyo kwanza. Mnunuzi ana vigae vyake kichwani, hela yako hairudi.

Anza na ukuta wa sebuleni. Ile michirizi ya maji chini ya dirisha ndiyo inayowafukuza, maana mtu akiona unyevu Tabata anawaza mafuriko papo hapo. Tafuta maji yanapoingilia, ziba, acha ukuta ukauke kabisa, ndipo upake rangi nyeupe ya maziwa. Ukipaka juu ya unyevu, rangi itabanduka na utaonekana unaficha.

Halafu punguza vitu. Kabati la vyombo, makochi mawili ya ziada na lile friji bovu vihamie kwa ndugu. Picha za harusi pia zitoe, mgeni asijione anachungulia maisha ya watu. Choo kinuke usafi, si udi wa kuziba harufu. Wapokee asubuhi, mapazia wazi, bomba likitoa maji.

Kingine, weka tayari hati, risiti za kodi ya pango la ardhi na ridhaa ya mumeo kwa maandishi. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mnunuzi makini ataviulizia kabla hajataja bei.