Ile V kwenye chaja ni jina la mtu

Huenda umejiuliza kwa nini V ya kwenye chaja, yaani alama ya volti, kipimo cha msukumo wa umeme, huandikwa kwa herufi kubwa. Ni kwa sababu inatokana na jina la mtu: Alessandro Volta, mwanafizikia wa Como, Italia. Mwaka 1800 alitangaza betri yake: visahani vya zinki na shaba vilivyopangwa kwa kupokezana, katikati vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ukishika ncha zake mbili kwa vidole vilivyolowa maji, unapigwa shoti. Kabla ya hapo mashine za umeme zilitoa cheche tu, inaruka na kupotea. Huu wa Volta ulitiririka mfululizo, na hapo ndipo utafiti wa umeme ulipofunguka kwelikweli. Heshima ya kipimo kuitwa kwa jina lake aliistahili kabisa.

Yeye mwenyewe hakuiona, maana alifariki 1827. Kipimo cha volti kilipitishwa na mkutano wa kimataifa wa umeme, Paris, 1881, pamoja na ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) ya Mfaransa Ampère na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ya Mjerumani Ohm. Ukiandika neno zima, “volti”, herufi ndogo inatosha. Alama peke yake ndiyo hubaki kubwa: betri ya gari 12 V, soketi ya nyumbani Tanzania 230 V.