Kabla hujabadilisha beringi, shusha keria

Kwa miezi kadhaa niliamini ule mvumo ulitoka kwenye gurudumu la nyuma. Nikabadilisha beringi, mvumo ukabaki palepale. Siku niliyoshusha keria, ile fremu ya mizigo juu ya gari, ili nioshe paa, gari likanyamaza. Kumbe mlalamikaji alikuwa yale mabomba mawili ya duara ya keria.

Hewa inayopita bomba la duara haiwezi kulikumbatia mpaka mgongoni. Hubanduka njiani, ikajiviringa kuwa vizingo vinavyochomoka kwa zamu, kimoja juu, kingine chini, na kila kinapochomoka bomba hutikiswa. Vincenc Strouhal aliupima mlio wa aina hii mwaka 1878. Kanuni iliyobaki ni nyepesi: zidisha mwendo wa hewa (mita kwa sekunde) kwa 0.2, kisha gawanya kwa kipenyo (mita), upate mitetemo kwa sekunde. Bomba langu ni milimita 28. Kwenye kilomita 100 kwa saa, hiyo ni mitetemo 200 hivi kwa sekunde, yaani mvumo uleule ulionigharimu beringi.

Dawa ya bei rahisi ni kamba. Izungushe kwenye bomba kama mzabibu kwenye mti. Vizingo havitachomoka tena kwa pamoja urefu wote wa bomba, na mlio husambaratika. Mabomba marefu ya moshi viwandani huvishwa mapezi ya mzunguko kwa sababu hiyohiyo: huchomoza nje kwa kama sehemu ya kumi ya kipenyo, na kila mzunguko huchukua urefu wa vipenyo vitano. Kwangu ilitoka kamba ya milimita 3, mzunguko mmoja kila sentimita 14.

Ila usidanganyike: kamba hunyamazisha, haipunguzi ukinzani wa hewa. Pengine huuongeza. Ukitaka kuokoa mafuta, badilisha umbo. Bomba la duara lina kizigeu cha ukinzani, namba inayoonyesha umbo linavyozuia hewa, cha takriban 1.2; umbo la tone lenye unene uleule hushuka hadi karibu 0.1, na mlio nao hupungua sana. Upande mnene utangulie, mkia mwembamba ubaki nyuma. Nimeshaona wengi wakifunga kinyume.

Vijishimo kama vya mpira wa gofu? Kwenye bomba jembamba, ukikosea kipimo unaongeza ukinzani badala ya kuupunguza. Mimi niliachana navyo.

Na funga ncha za kamba barabara. Yangu ya kwanza ililegea, ikajikusanya upande mmoja, na mvumo ukarudi.