Wright walirushwa na manati? Majibu ya maswali yenu kuhusu ndege za kwanza

SWALI: Rafiki yangu anashikilia kuwa ndugu wawili Wright wa Marekani, Wilbur na Orville, hawakuruka kwa injini, walirushwa na manati, yaani mtambo wa kusukuma ndege iondoke. Anasema mita 36 za safari yao ya kwanza si safari, hivyo heshima ni ya Santos-Dumont wa Brazil. Nimjibu nini?

JIBU: Anza na tarehe. Manati yalianza kutumika Septemba 1904 karibu na Dayton, Ohio, ambako upepo ulikuwa hafifu. Tarehe 17 Desemba 1903, kule Kill Devil Hills, North Carolina, ndege iliondoka yenyewe juu ya reli ya mbao ya mita 18 iliyolazwa kwenye mchanga tambarare. Kilichoisaidia ni upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, nao ulikuwa mkali: kilomita 32 hadi 43 kwa saa.

Upepo huo ndio unaopotosha hesabu. Mita 36 kwa sekunde 12 ni mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Lakini bawa hubebwa na hewa inayolipitia, haijalishi ardhi iko wapi. Ukijumlisha upepo wa mita 10 au 11 kwa sekunde, ndege ilipasua hewa umbali wa mita 160 hivi.

Hata hivyo, msibishanie safari ya kwanza. Shikeni ya nne: Wilbur, mita 260, sekunde 59. Kama injini ya nguvu za farasi 12 isingetosha, mwendo ungekufa na ndege ingetua ndani ya sekunde chache. Udhaifu wake wa kweli ulikuwa usukani wa mbele wa kupandisha na kushusha pua: ukiugusa kidogo, ndege inapiga mbizi. Ndivyo safari hiyo ilivyokatika.

Rekodi ya Santos-Dumont ni halali kabisa: Paris, 12 Novemba 1906, mita 220 kwa sekunde 21.5, kwa magurudumu, mbele ya wakaguzi wa Aéro-Club de France. Ila tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alikwisha zunguka uwanja kilomita 39 hivi. Siku hiyo manati yalitumika, ndiyo, lakini kwa kuondokea tu. Dakika zaidi ya 38 zilizofuata zilikuwa za injini.

SWALI: Ndege ya Samuel Langley, mwanasayansi wa Marekani aliyeongoza Taasisi ya Smithsonian, iliyotumbukia mto Potomac mwaka 1903, ni kweli iliruka mwaka 1914?

JIBU: Iliyoruka haikuwa ile ile. Glenn Curtiss, mtengenezaji ndege wa Marekani, aliirusha umbali wa mita 45 hivi juu ya ziwa huko Hammondsport, New York, baada ya kubadili umbo la mabawa na kuhamisha nguzo za waya zinazoyashikilia. Na waya hizo si jambo dogo, maana mabawa ya 1903 hayakuwa imara. Smithsonian iliitangaza kuwa ndege ya kwanza yenye uwezo wa kuruka na mtu. Orville akakasirika, na mwaka 1928 akaipeleka ndege yao ya 1903 London. Smithsonian ilikiri mabadiliko hayo mwaka 1942, na ndege ikarudi Marekani mwaka 1948. Ukiletewa picha kama ushahidi, tazama chini ya mashine: ukiona maboya, hiyo ni ya 1914.